Una chumba cha kupangisha? Mkumbuke mama wa Shunemu



Kama wewe ni mpangaji, huenda Jumapili hii umeamka ukihesabu siku zilizobaki kabla kodi yako haijaisha. Kama wewe ni mwenye nyumba, huenda nawe umeamka ukizihesabu siku hizo hizo. Mmoja anahesabu kwa hofu, mwingine kwa matumaini, kisha wote wawili mnavaa vizuri, mnakwenda ibadani, mnakaa benchi moja na kupeana mkono wa amani. Leo naomba niongee nanyi wote wawili. Nitaanza na habari yangu mwenyewe, maana sioni haki ya kumnyooshea mtu kidole kabla sijajitazama.

Masika ya mwaka huu mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alipata kazi katika duka la dawa Kariakoo. Tulimshukuru Mungu, tukapika pilau. Baada ya wiki mbili shukrani ile ilianza kuchanganyika na wasiwasi. Sisi tunaishi Kibaha. Duka linafungwa saa tatu usiku. Mpaka apate gari, aunganishe lingine, ashuke Maili Moja na kutembea mpaka nyumbani, saa tano imegonga. Saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe barabarani tena. Mke wangu alikuwa halali mpaka asikie geti. Binti mwenyewe alianza kusinzia kwenye meza ya chakula, kijiko kikiwa mkononi.

Tukakubaliana atafutiwe chumba Kimara. Kama hufahamu, Kimara ni vitongoji vya magharibi mwa Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, na ndiko yanakoanzia mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016. Ukipanda pale asubuhi unafika Kariakoo bila kubadilisha gari. Alichokihitaji hakikuwa cha makuu: chumba kimoja chenye choo na bafu ndani, na kona ndogo ya kuweka jiko la gesi. Madalali wanakiita "masta". Mshahara wake, baada ya makato, ni shilingi 400,000.

Nikadhani ni kazi ya siku moja. Ilituchukua wiki tatu.

Nikueleze jinsi mambo yalivyo, hasa wewe ambaye umejenga zamani na hujatafuta chumba kwa miaka mingi. Kwanza unampata dalali, na kabla hajakuonyesha kitu unampa hela ya kuzunguka. Wetu alidai 10,000 kwa siku. Chumba kikipatikana, anachukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Watu wengi huwaita madalali wezi, na wapo walio wezi kweli, wanaopokea kodi ya chumba kimoja kutoka kwa watu watatu. Lakini huyu wetu alikuwa kijana mpole, viatu vimeisha visigino kwa kupanda na kushuka vilima vya Kimara. Anauza habari. Sisi wenye nyumba tunamsema vibaya barazani, na chumba kikibaki kitupu mwezi mmoja tunampigia simu sisi wenyewe.

Bei inafuata lami. Karibu na kituo cha mwendokasi, masta tulizoonyeshwa zilikuwa kati ya 120,000 na 150,000 kwa mwezi. Kila unapoteremka bondeni, bei inateremka nawe. Tulikiona kimoja kizuri cha 80,000. Binti alikipenda, nami nikafurahi, mpaka tulipokaa na kupiga hesabu ya bodaboda. Akishuka kituoni saa nne usiku hawezi kutembea dakika ishirini na tano kwenye njia isiyo na taa. Bodaboda ya usiku ni 2,000. Kwa siku 26 za kazi ni 52,000. Jumlisha na kodi, unapata 132,000. Kile chumba cha bei nafuu kilikuwa ghali kuliko cha 120,000 kilichoko barabarani. Ndugu mpangaji, fanya hesabu hii kabla hujalipa. Na chumba kitazame mara mbili, mchana na usiku, na ukiweza kitazame siku ya mvua. Sisi masika ilitusaidia. Chumba cha kwanza kilikuwa kimepakwa rangi mpya kabisa. Nilipoweka kiganja ukutani kikarudi na maji. Cha tatu tulikifikia kwa kukanyaga viroba vya mchanga, na chemba ya choo ilikuwa imefurika mpaka mlangoni.

Kuna kimoja sitakisahau. Sebuleni kwa mwenye nyumba kulikuwa na kalenda ya kanisa, na mama mwenyewe alitupokea kwa "Bwana asifiwe" yenye uchangamfu. Akatupa maji ya kunywa. Chumba kilikuwa safi. Kisha akamgeukia mpwa wangu: "Umeolewa, mwanangu?" Binti akasema bado. Mama akatabasamu kwa masikitiko, akasema nyumba yake haipangishi mabinti wasioolewa, wanaleta wageni. Nikamwambia mimi ni mjomba wake, ni mzee wa kanisa, namdhamini. Akasema ananiamini mimi, lakini hawaamini mabinti. Tulitoka. Njiani binti hakusema neno, alikuwa anaangalia alipokanyaga, matope yalikuwa mengi.

Siku ya tisa au ya kumi tukapata kilichofaa. Dakika sita kutoka kituoni, dirisha lenye nondo, LUKU yake mwenyewe, maji ya tangi. Shilingi 120,000. Mwenye nyumba, baba mmoja mstaafu, hakuwa na neno juu ya ndoa wala kabila. Alikuwa na sharti moja tu: miezi sita kwa mkupuo.

Miezi sita ni 720,000. Weka na mwezi wa dalali, ni 840,000. Hapo hujanunua godoro, mtungi wa gesi, ndoo wala feni. Mtu anayepokea 400,000, na ambaye bado anatakiwa kula na kupanda gari, anatakiwa awe na 840,000 siku moja. Mpwa wangu alikuwa na akiba ya 310,000. Nilijaribu kumwomba yule baba apokee miezi mitatu. Akatikisa kichwa kwa upole, akaniambia, "Mzee mwenzangu, wewe unajua wapangaji walivyo."

Tukakaa kituoni kusubiri gari la kurudi Kibaha. Ndipo binti akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa: "Mjomba, hivi wewe wapangaji wako wanalipaje?"

Mpendwa msomaji, nina vyumba viwili vya uani. Nilivijenga kwa mkopo wa Saccos nilipokuwa bado kazini. Mkataba wake niliuandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na kipengele cha tatu kinasema kodi italipwa miezi sita kwa mkupuo na haitarudishwa kwa sababu yoyote ile. Nilikuwa naona fahari kwa lile neno "yoyote". Sikumjibu binti. Nilijifanya natazama kama gari linakuja.

Nataka nimtendee haki mwenye nyumba, kwa kuwa ndiye mimi. Sharti lile halikushuka kutoka mbinguni wala halikutoka kuzimu. Mwaka 2019 mpangaji wangu mmoja alihama usiku akiniachia deni la miezi miwili na bomba lililong'olewa. Saruji haiuzwi kwa mkopo. Januari ada za shule zinadaiwa kwa mkupuo, nasi tunazidai kodi kwa mkupuo ili tuzilipe. Sheria ya zamani iliyokuwa inasimamia kodi za nyumba hapa nchini ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na masharti ni makubaliano ya watu wawili. Lakini tuseme ukweli mbele za Mungu: makubaliano kati ya mwenye funguo na mtu aliyeshika begi mkononi, mvua ikinyesha, si makubaliano ya watu walio sawa. Hofu yangu ya yule aliyenikimbia mwaka 2019 niliwabebesha watu ambao hawakuwahi kumfahamu.

Usiku ule nilifungua Biblia. Sikufungua Luka 2, habari ya Yusufu na Mariamu kukosa nafasi. Hiyo tunahubiriwa kila Desemba na tumeizoea kiasi kwamba haituumi tena. Nilifungua 2 Wafalme, sura ya 4. Humo kuna mama wa mji wa Shunemu, mama mwenye uwezo. Nabii Elisha alikuwa akipita mjini kwake mara kwa mara, na mama huyu alianza kwa kumkaribisha chakula. Kisha akamwendea mumewe na wazo: wamjengee yule mtu wa Mungu chumba kidogo huko juu, wamwekee kitanda, meza, kiti na taa, ili kila apitapo apate pa kupumzika.

Nimeisoma habari hii tangu Shule ya Jumapili. Sikuwahi kuona kwamba ni habari ya chumba kimoja. Tazama alivyokipanga. Kitanda, kwa kuwa msafiri anachoka. Meza na kiti, kwa kuwa ana kazi ya kufanya na anahitaji kula kama mtu, si kuchuchumaa. Taa, kwa kuwa atafika usiku. Mama yule hakuanza na chumba kisha akamtafuta mtu wa kukijaza. Alianza na mtu. Alimtazama anavyopita, akajua anahitaji nini, ndipo akafikiria ukuta na dari. Mimi vyumba vyangu vya uani nilivianza na hesabu ya matofali, na nikamaliza na hesabu ya kodi. Choo nilikiweka dirisha dogo sana kwa sababu dirisha kubwa lilikuwa na bei. Sijawahi kuoga humo.

Utaniambia, mzee, yule mama hakutoza kodi, na mimi chumba ni riziki yangu. Ni kweli, na Biblia haikatazi kupangisha. Fungua Matendo ya Mitume, mwisho kabisa, sura ya 28. Mtume Paulo amefika Roma akiwa mfungwa, na Luka anatuambia alikaa miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake. Roma ya wakati ule ilikuwa mji wa wapangaji; watu wa kawaida walijazana katika vyumba vya magorofa. Wakristo wengi huamini kwamba ni katika kifungo hicho Paulo aliwaandikia Wafilipi kuwashukuru kwa msaada waliomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Kama ndivyo, basi huenda sadaka ile ya watu wa Filipi iliingia pia kwenye kodi ya nyumba. Sijawahi kusikia kanisa likitangaza sadaka ya kumlipia mtu kodi ya chumba, lakini tukisoma barua ile tunasema Amina.

Hebu sasa mfikirie mtu ambaye Luka hakumtaja: mwenye ile nyumba. Alijiwa na mpangaji mgeni, mfungwa, mwenye mnyororo, ambaye atakaa na askari wa kumlinda mchana na usiku, na ambaye kesi yake haijulikani itaisha lini wala itaishaje. Atakuwa na wageni wengi kila siku. Mpangaji wa namna hiyo, wewe na mimi tungempa chumba? Tungemuuliza miezi sita iko wapi. Jina la mwenye nyumba hatulijui, lakini alikubali, na katika chumba chake Injili ilihubiriwa Roma miaka miwili.

Kuna sehemu nyingine ya habari ya mama wa Shunemu ambayo wengi hatuifiki kwa sababu iko mbali kidogo, sura ya 8. Elisha anamwonya kwamba njaa inakuja, aondoke yeye na nyumba yake. Mama yule, aliyekuwa na uwezo wa kujenga chumba cha ziada kwa ajili ya mgeni, anafunga virago na kwenda kukaa ugenini katika nchi ya Wafilisti miaka saba. Anaporudi, nyumba yake na shamba lake viko mikononi mwa watu wengine. Inambidi aende kwa mfalme kudai. Kwa rehema za Mungu, anaingia wakati ule ule mtumishi wa Elisha anamsimulia mfalme habari zake, na mfalme anaamuru arudishiwe kila kitu. Lakini kwa miaka saba aliyekuwa akiwapa wengine mahali pa kulala alikuwa yeye anayeomba mahali pa kulala.

Nilipofika hapo nilifunga Biblia kidogo. Barabara ile ile tuliyokuwa tunatembea na mpwa wangu, kuanzia Kimara kuja huku kwetu, mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kupisha upanuzi wake. Nilipita pale siku zile nikaona watu wazima wamekaa juu ya makochi yao kando ya kifusi. Miongoni mwao walikuwemo wenye nyumba, watu waliokuwa na wapangaji na mikataba yenye vipengele kama vyangu. Kabla jua halijazama nao walikuwa wanatafuta chumba, wanampigia dalali, wanaulizwa miezi sita. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwa sababu sisi wenye nyumba huwa tunazungumza habari za wapangaji kana kwamba ni kabila jingine.

Ndugu mpangaji, usidhani nimekusahau. Yule aliyehama usiku mwaka 2019 alikuwa ananiita "baba", na tuliimba naye kwaya moja. Alinipigia simu akisema yuko msibani Morogoro, nami nilikuwa nauona mwanga wa taa yake dirishani. Ukichelewa kodi, sema umechelewa, taja tarehe, na tarehe hiyo ikifika toka nje ya chumba uje useme tena hata kama mkono ni mtupu. Chumba ukikitumia kama nyumba ya kulala wageni, ukikwepa zamu ya kununua umeme, ukiondoka na soketi za ukutani, unamtengenezea mpangaji anayekuja nyuma yako masharti magumu zaidi. Mpwa wangu amelipa deni la mtu asiyemjua.

Nawe mwenye nyumba mwenzangu, tufikirie kufuli. Wapo wanaofunga mlango wa mpangaji mwenye deni wakati yuko kazini, na watoto wake wanarudi shuleni wanakaa kizingitini na mabegi. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inaagiza kwamba ukimkopesha jirani yako usiingie ndani ya nyumba yake kuchukua rehani. Usimame nje, yeye mwenyewe akuletee. Anayedai ana haki ya kudai, lakini kizingiti cha mtu kina heshima yake, hata kama ukuta uliujenga wewe.

Na kuna jambo dogo ambalo liliniaibisha kuliko yote. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikawa 1,500. Mwenye kudaiwa kodi hiyo ni mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Vyumba vyangu vya uani vina mita yao, na wapangaji wangu wawili wamekuwa wakinunua kwa zamu. Kwa miaka yote hiyo wamenilipia kodi yangu ya jengo, nami sikuwahi kusema hata asante. Nilikuwa najua. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nanyamaza kwa sababu ni hela ndogo, na hela ndogo hakuna anayekuja kudai. Nilichukua kalamu nikahesabu, ikafika zaidi ya shilingi 60,000. Zakayo, mnakumbuka, aliahidi kurudisha mara nne. Nakiri kwamba sikufika huko.

Chumba cha mpwa wangu hatukukipata kwa dalali. Mke wangu alimpigia mama mmoja wanayefahamiana katika umoja wa wanawake, anayesali Kimara. Yule mama akaulizia baada ya ibada, mtu kwa mtu, na Jumatatu jioni akatupigia: kuna bibi mjane, mtaa wa Baruti, ana chumba kilichokaa kitupu tangu mwanawe ahamie Dodoma, anaogopa kumweka mtu asiyemjua. Tukaenda. Bibi akamtazama binti, akamuuliza anarudi saa ngapi. Binti akasema saa nne usiku. Nikajiandaa kwa jibu nililolizoea. Bibi akasema, "Basi nitakuachia taa ya nje, mjukuu wangu. Ukishafika uizime." Kodi ni 110,000, miezi miwili kwanza, kisha kila mwezi. Mkataba tuliuandika kwa mjumbe wa serikali ya mtaa, karatasi mbili, kila mmoja na yake. Yule kijana dalali nilimtafuta nikampa 20,000 kwa zile siku alizotuzungusha. Alishangaa, akaipokea kwa mikono miwili.

Nikajiuliza: makanisani tunatangaza ndoa, misiba, vikao, harambee, hata kondoo wa mnada. Ni mara ngapi umesikia mtu akisimama wakati wa matangazo na kusema kuna binti ameanza kazi, anatafuta chumba, mwenye nacho aonane naye nje? Vyumba vitupu viko kwetu, na watafuta vyumba wako kwetu, na katikati yao tumemweka mtu wa kuwatoza elfu kumi kwa siku.

Binti alihamia Jumamosi. Alikwenda na godoro, ndoo mbili, jiko la gesi na begi. Meza nilimpelekea mimi wiki iliyofuata, ile niliyokuwa nasahihishia madaftari ya wanafunzi, na kiti chake. Kitanda bado anakichanga kwa fundi wa pale mtaani.

Jioni ile niliporudi nilichukua ule mkataba wangu nikaenda uani. Mpangaji wangu, fundi wa aluminiamu aliye kwangu tangu 2020, alikuwa amekaa mlangoni anamvua mwanawe viatu. Aliponiona na karatasi mkononi akasimama. Nikamwambia kuanzia sasa kodi atalipa kwa mwezi, au kwa miezi miwili akipenda, na kwamba ile kodi ya jengo ya kwenye LUKU nataka tuihesabu pamoja na mwenzake, kila mmoja apunguziwe chake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkewe alitoka ndani akasimama nyuma yake, mkono juu ya bega la mtoto. Kisha yule kijana akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ina maana unauza nyumba? Tunatakiwa tuhame lini?"

Nilimwambia hakuna anayehama. Nikaona hajaamini. Nikaigeuza ndoo iliyokuwa pale mlangoni, nikakaa, nikamwomba mkewe aniletee kalamu.